Mto Mmoja, Mashahidi Wawili: Monet na Renoir Kando ya Seine, 1869



UTANGULIZI

Safari hii tunapenda kulitazama swali ambalo kila aliyewahi kuketi katika baraza la wazee, iwe kwa shauri la mpaka wa shamba au la ugomvi wa ndugu, amekutana nalo. Mashahidi wawili walisimama mahali pamoja, siku moja, wakaliona jambo moja. Wanapoitwa kulisimulia, kila mmoja analeta habari yake. Je, ni lazima mmoja wao awe mwongo? Na kama hakuna mwongo kati yao, je, tuseme basi kwamba hakuna ukweli, ila maoni tu?

Wako wanaolijibu swali hili upesi. Wengine husema: mmoja anadanganya, tumtafute. Wengine, na hawa wamekuwa wengi siku hizi, husema: kila mtu na ukweli wake, tusisumbuane. Sisi tunaona kwamba majibu haya yote mawili ni mepesi mno, na kwamba historia inaweza kutusaidia kupata jibu lenye uzito zaidi. Shida ni kwamba ushahidi wa mdomo hupeperuka na upepo. Aliyeutoa jana leo huubadilisha. Heri tungepata mashahidi wawili ambao ushahidi wao umebaki vilevile, tukaweza kuuweka upande kwa upande na kuupima bila haraka.

Mashahidi wa namna hiyo wapo. Ni wachoraji wawili wa Ufaransa, Claude Monet na Pierre-Auguste Renoir, ambao katika kiangazi cha mwaka 1869 waliweka vigoda vyao ukingoni mwa mto Seine, wakachora mandhari ileile. Picha zao zipo hadi leo. Tunawaalikeni tuwasikilize.

MAHALI PENYEWE

Mahali hapo paliitwa La Grenouillère, jina ambalo kwa Kifaransa lina maana ya dimbwi au makao ya vyura. Palikuwa magharibi ya jiji la Paris, upande wa Croissy-sur-Seine, karibu na Bougival na Chatou. Hapo mto unagawanyika na kuacha visiwa vyembamba katikati. Ukingoni palifungwa chombo kikubwa kinachoelea, chenye paa, kikitumika kama mkahawa. Mbele yake palikuwa na kisiwa kidogo cha mviringo, kipana kwa watu kadhaa tu kusimama, chenye mti mmoja katikati. Kwa umbo lake watu walikipa majina ya utani: wengine walikiita chungu cha maua, wengine wakakiita Camembert, kwa jina la jibini ya Kifaransa ya mviringo. Mtu alifika kisiwani kwa kupita juu ya ubao mwembamba uliolazwa juu ya maji.

Watu wa Paris walikuja kuogelea, kukodi mashua, kula na kucheza dansi. Kilichowaleta ni reli. Njia ya kutoka Paris kuelekea Saint-Germain, ya kwanza kujengwa kwa ajili ya abiria wa jiji hilo, ilifunguliwa mwaka 1837. Kwa hiyo karani wa duka na fundi cherehani, ambao babu zao hawakuwa na njia ya kuliacha jiji kwa siku moja, sasa waliweza kwenda mtoni Jumapili asubuhi na kurudi jioni. Sifa za mahali hapo zilienea hata Kaisari Napoleon III mwenyewe, akiwa na mkewe Eugénie, alipita kupaona mwaka huohuo wa 1869.

Hapana budi tuseme pia kwamba jina la mahali hapo lilikuwa na utani ndani yake. Katika lugha ya mitaani ya Paris, “vyura” waliitwa pia baadhi ya wasichana waliozoea kufika huko, ambao mienendo yao haikusifiwa na majirani. Jambo hili tuliweke akibani, tutalihitaji baadaye.

WACHORAJI WAWILI

Monet alizaliwa Paris tarehe 14 Novemba 1840, lakini alikulia Le Havre, mji wa bandari, mahali ambapo mto huohuo Seine unaingia baharini. Aliyemfundisha kuchora nje, mbele ya bahari na mawingu yenyewe, ni Eugène Boudin, mtu wa pwani. Renoir alizaliwa Limoges tarehe 25 Februari 1841, mtoto wa mshona nguo. Alipokuwa bado kijana aliwekwa kiwandani kujifunza kupamba vyombo vya kauri kwa brashi nyembamba, akipata riziki kwa kuchora maua na sura za watu juu ya sahani na vikombe.

Wawili hawa walifahamiana Paris mnamo mwaka 1862, katika karakana ya mwalimu Charles Gleyre, pamoja na vijana wengine wawili, Frédéric Bazille na Alfred Sisley. Kiangazi cha 1869 kilipofika, Monet na Renoir wote walikuwa na umri wa miaka 28, na wote hawakuwa na kitu. Monet aliishi karibu na Bougival pamoja na Camille Doncieux, ambaye alifunga naye ndoa mwaka uliofuata, na mtoto wao mdogo Jean. Mwaka huo Salon, yaani maonyesho rasmi ya Paris ambayo ndiyo yaliyokuwa mlango wa mchoraji kupata wanunuzi, ilikuwa imemkataa. Renoir alikaa kwa wazazi wake katika kijiji cha jirani, upande wa Louveciennes, akitembea kwa miguu kwenda kumwona mwenzake.

Barua za miezi hiyo zimehifadhiwa, na zinaumiza moyo kuzisoma. Mwezi Agosti Monet alimwandikia Bazille kwamba kwa siku nane nyumba yake haikuwa na mkate, wala moto jikoni, wala taa. Na kwamba Renoir ndiye aliyekuwa akiwaletea mkate kutoka nyumbani kwa wazazi wake. Baadaye akaandika tena kwamba amekwama kazini kwa sababu rangi zimemwishia. Naye Renoir alimweleza Bazille kwamba hawali kila siku, lakini hata hivyo ana furaha, kwa kuwa kuchora pamoja na Monet ni jambo jema.

Tunayataja haya kwa sababu maalumu. Mtu akitazama picha zenyewe, zilizojaa mwanga na starehe, anaweza kudhani zilichorwa na watu walioshiba. Hazikuchorwa na watu walioshiba. Watu waliokuwa mbele yao walikuwa wamelipia nauli, chakula na mashua; wao wawili walikuwa ukingoni, na mmoja wao alikuwa akila mkate wa mwenzake. Hakuna chembe ya uchungu huo iliyoingia katika picha. Huo tayari ni uchaguzi, na waliufanya wote wawili.

ZANA ZAO

Aidha, tusisahau kwamba ushahidi wa namna hii usingewezekana kwa urahisi miongo michache tu kabla yao. Zamani rangi ya mafuta ilisagwa karakanani na kuwekwa katika vibofu vya nguruwe, ambavyo vilipasuka na kuvuja. Mchoraji aliyetaka mandhari alichora rasimu kwa penseli nje, kisha akaenda kukamilisha kazi ndani. Mwaka 1841 Mmarekani mmoja aliyeishi London, John Goffe Rand, alipata hataza ya kijibomba laini cha bati chenye kifuniko, kama vile vya dawa ya meno tuvijuavyo. Kwa kijibomba hicho rangi iliweza kubebwa mfukoni, ikafunguliwa na kufungwa bila kukauka.

Pamoja nacho zilikuja brashi bapa, ambazo manyoya yake yamebanwa kwa pete ya chuma. Brashi ya mviringo huacha mstari unaoanza mwembamba na kunenepa. Brashi bapa huacha kipande cha rangi chenye upana mmoja, kama tofali. Tutaona jinsi Monet alivyoitumia faida hiyo.

TURUBAI MBILI

Sasa tuziweke picha upande kwa upande. Kila mmoja alichora zaidi ya picha moja mahali hapo, lakini mbili ndizo zinazofanana mno kwa mtazamo. Ya Monet imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Ina upana wa karibu sentimita 100 na kimo cha karibu sentimita 75. Ya Renoir imo katika Nationalmuseum, Stockholm, nchini Uswidi. Ni ndogo kidogo, upana wa sentimita 81 na kimo cha karibu sentimita 66.

Tuanze na yale wanayokubaliana, kwa maana hakimu mwema huanza hapo. Katika picha zote mbili kisiwa kile cha mviringo kipo katikati. Mti wake mmoja upo. Watu wamesimama juu yake wakiwa wamevaa nguo za kutembelea. Mkahawa unaoelea upo upande wa kulia. Mashua zimefungwa mbele, karibu na mtazamaji. Miti ya ng’ambo inafunga upeo wa macho. Ni siku ya mwanga, na maji yanachezacheza. Mtu ambaye hajawahi kufika La Grenouillère angeweza kuchora ramani ya mahali hapo kwa kutumia picha yoyote kati ya hizo mbili, na ramani hizo zingelingana.

Halafu tofauti. Katika picha ya Monet kitu cha kwanza kulivuta jicho ni maji. Yanashika sehemu kubwa ya turubai, kuanzia chini kabisa hadi karibu na katikati. Ameyajenga kwa mapigo mapana ya brashi bapa, yaliyolala kwa mlalo, moja juu ya jingine: hapa rangi ya kahawia iliyokolea, hapa buluu, hapa nyeupe inayokaribia manjano, bila kuyalainisha ili yachanganyike. Mtazamaji akisogea karibu haoni maji, anaona vipande vya rangi. Akirudi nyuma hatua chache, vipande vinaungana na mto unaanza kutikisika. Mashua za mbele ni tupu, nzito na zenye kivuli. Zinaliongoza jicho kuelekea kisiwani. Watu ni wadogo. Mwanamume ni mpigo wa rangi nyeusi wenye kitone cha kichwa. Mwanamke ni mpigo mweupe. Huwezi kumtambua hata mmoja, wala kujua anamwambia nini jirani yake.

Katika picha ya Renoir kisiwa kimesogea. Kinaonekana kikubwa zaidi, kana kwamba mchoraji alipiga hatua kadhaa mbele, na watu waliosimama juu yake wamepata miili. Tunaziona gauni za wanawake, zilivyopanuka chini na zilivyoshika mwanga mabegani. Tunaona nani amemgeukia nani. Mapigo yake ya brashi ni mafupi, mepesi, kama manyoya ya ndege. Miti ya nyuma haina kina kirefu. Imekuwa kama pazia laini la kijani na buluu lililotundikwa nyuma ya watu. Maji yapo, tena yamechorwa kwa ustadi, lakini yamegeuka kuwa zulia linalowazunguka wageni wa sherehe. Kwa Monet jua linaangukia mto, na watu wamo njiani mwake. Kwa Renoir jua linawaangukia watu, na mto unalirudisha kwao tena.

KWA NINI WALITOFAUTIANA?

Jibu lililo karibu ni lile la malezi. Monet alikuwa mtoto wa bandari; alikua akitazama maji, mashua na hali ya hewa. Renoir alikuwa mtoto wa mshona nguo, akapitia kiwanda cha kauri. Alizijua nguo, na mkono wake ulizoea brashi nyembamba juu ya sehemu ndogo inayong’aa. Akili ni nywele, wahenga wetu walinena, kila mtu ana zake. Na hatuna shaka kwamba kila mmoja alibeba utoto wake hadi ukingoni mwa Seine.

Hata hivyo tusiridhike upesi. Kama malezi yangetosha kueleza kila kitu, Monet asingeweza kuchora watu. Lakini miaka michache tu nyuma alikuwa amechora turubai kubwa ya wanawake bustanini, yenye nguo zilizochorwa kwa uangalifu mkubwa, ambayo Salon iliikataa mwaka 1867. Naye Renoir aliweza kuchora mandhari isiyo na mtu. Kila mmoja angeweza kuyaona aliyoyaona mwenzake. Walikaa pamoja kwa wiki nyingi na bila shaka kila mmoja aliitazama turubai ya jirani. Kwa hiyo tofauti yao haikutokana na upofu. Ilitokana na swali.

Kila shahidi huenda mahali akiwa na swali moyoni, hata kama hajalitamka. Monet aliuuliza mto: mwanga unafanya nini unapovunjikia juu ya kitu kisichotulia? Kwa swali hilo, watu walikuwa vivuli miongoni mwa vivuli, na kuwachora nyuso kungekuwa kuacha kujibu. Renoir aliuliza: watu wanafananaje wanapokuwa na raha chini ya mwanga kama huu? Kwa swali hilo, maji matupu ya mbele yangekuwa umbali usio na faida, na alifanya vema kusogea karibu. Mto ulimjibu kila mmoja kwa kadiri alivyouliza. Na majibu yote mawili yalitoka mtoni, kwani hakuna hata mmoja aliyebuni mti ambao haukuwapo.

Monet mwenyewe hakuziona kazi hizo kuwa zimekamilika. Katika barua ya Septemba kwa Bazille aliziita rasimu mbaya tu. Picha halisi ya La Grenouillère ilikuwa bado ndoto, na akaongeza kwamba Renoir naye alitaka kuchora picha hiyohiyo. Vizazi vilivyofuata ndivyo vilivyotambua kwamba katika rasimu hizo za haraka palikuwa na kitu kipya, nacho ndicho kilichokuja kuitwa baadaye sanaa ya Waimpreshonisti. Jina hilo lilitoka katika maonyesho ya mwaka 1874, pale mwandishi wa gazeti Louis Leroy alipoidhihaki picha ya Monet ya mapambazuko bandarini Le Havre, akisema kwa kejeli kwamba hayo ni mguso wa macho tu. Waliodhihakiwa wakalichukua jina na kulivaa.

YALE AMBAYO WOTE WAWILI HAWAKUYASEMA

Hapa turudi kwenye lile tuliloliweka akibani. Mwaka 1881 mwandishi Guy de Maupassant, ambaye alikuwa mpiga makasia hodari na aliyaijua sehemu hiyo ya Seine vizuri sana, alichapa hadithi inayotokea La Grenouillère. Anakitaja kisiwa kilekile chenye mti mmoja, mkahawa uleule, mashua zilezile. Lakini katika maelezo yake tunasikia makelele na harufu ya jasho na pombe. Tunakutana na walaghai, walevi, wanawake waliojipamba kupita kiasi, watu waliokwenda kununua na kuuzwa. Kwake mahali hapo palikuwa pananuka upumbavu wa jiji.

Je, Maupassant alikuwa shahidi wa tatu anayewaumbua wawili wa kwanza? Kwa sehemu, ndiyo. Anatukumbusha kwamba katika picha za 1869 kuna mambo yaliyoachwa nje. Wasichana walioitwa vyura wamo katika picha ya Renoir, tena wamevaa vizuri, lakini hatuambiwi kilichowaleta wala walichorudi nacho nyumbani. Monet amewaweka mbali kiasi cha kutotuuliza chochote. Ukimya huo nao ni sehemu ya ushahidi. Tungependa kusisitiza jambo hili: mashahidi wawili wakikubaliana kunyamaza, makubaliano yao hayathibitishi kwamba hakuna kilichotokea.

Lakini haki itendeke pande zote. Maupassant naye alichagua. Alikuwa akiandika hadithi ya huzuni, yenye kijana anayeharibikiwa na mapenzi, na kwa hadithi hiyo alihitaji mahali penye uoza. Karani aliyekuja na mkewe kuogelea, akala, akacheka na kurudi kwa gari moshi la jioni bila kumdhuru mtu, hakupata nafasi kubwa katika kurasa zake. Bila shaka karani huyo alikuwapo. Ukisoma Maupassant peke yake, utamkosa. Ukitazama Renoir peke yake, utamwona huyo tu.

NJIA ZAO BAADAYE

Mwaka uliofuata, 1870, Salon ilimkataa Monet tena, hata mchoraji mzee Charles-François Daubigny akajiuzulu katika baraza la waamuzi kwa kupinga uamuzi huo. Mwaka huohuo vita kati ya Ufaransa na Prussia vilizuka. Bazille, rafiki aliyezipokea barua zile za njaa, aliuawa vitani tarehe 28 Novemba 1870, kabla hajatimiza miaka 29. Utawala wa Napoleon III ulianguka.

Monet na Renoir waliendelea kuchora pamoja, hasa Argenteuil katika miaka ya 1870. Mwaka 1873 Renoir alimchora mwenzake akiwa amesimama bustanini mbele ya turubai. Lakini maswali yao yaliwapeleka mbali. Renoir aliwafuata watu: mwaka 1876 dansi ya Moulin de la Galette, na mwaka 1880 hadi 1881 chakula cha wapiga makasia, kilichochorwa Chatou, si mbali na La Grenouillère. Monet alifuata mwanga: marundo ya nafaka, kanisa kuu la Rouen, na mwishowe maua ya maji ya bustani yake huko Giverny, ambamo hakuna mtu hata mmoja, ni maji na anga lililolala ndani yake. Turubai kubwa za maua hayo ziliwekwa katika jumba la Orangerie, Paris, lililofunguliwa kwa ajili hiyo mwaka 1927, baada ya kifo chake.

Lipo tukio moja dogo ambalo hatutaki kuliruka. Desemba 1883 marafiki hawa wawili walisafiri pamoja kwenye pwani ya Bahari ya Kati. Monet alipendezwa mno na Bordighera, nchini Italia, akakusudia kurudi mwezi uliofuata. Lakini alimwandikia mfanyabiashara wa picha Paul Durand-Ruel akimsihi asimwambie mtu, kwa kuwa alitaka kwenda peke yake. Kusafiri na Renoir kulikuwa kwa kupendeza, lakini kufanya kazi wawili kungemvuruga. Miaka 14 nyuma kukaa na Renoir kulimpatia mkate na ujasiri. Sasa alihitaji ukimya ili asikie swali lake mwenyewe. Urafiki haukufa kwa hilo. Renoir alifariki tarehe 3 Desemba 1919, mikono ikiwa imepinda kwa baridi yabisi lakini bado ikishika brashi. Monet alimfuata tarehe 5 Desemba 1926, baada ya kupasuliwa jicho mwaka 1923 kwa sababu ya mtoto wa jicho.

HITIMISHO

Wapendwa wasomaji, turudi sasa kwenye baraza letu na mashahidi wake wawili. Historia hii inatufundisha nini?

Kwanza, kutofautiana si uongo. Monet na Renoir walikaa ukingo mmoja, wakaleta habari mbili, na hakuna aliyedanganya. Tukimhukumu shahidi kwa sababu tu hakusema kama mwenzake, tutawaadhibu wakweli na kuwazawadia wale waliokwisha kupatana maneno kabla ya kuingia barazani.

Pili, kutofautiana hakufuti ukweli. Kisiwa kilikuwa kimoja na mti ulikuwa mmoja. Kama mmoja angechora mlima katikati ya Seine, tungemwambia waziwazi kwamba amepotoka, na hakuna “ukweli wangu” ambao ungemwokoa. Basi katika kila shauri tutafute kwanza kisiwa na mti: mambo ambayo kila aliyekuwapo anayakubali. Mara nyingi ni mengi kuliko tunavyodhani tukiwa na hasira.

Tatu, kila shahidi aulizwe alisimama wapi, na alikwenda pale akitafuta nini. Aliyekuja kutazama maji atatupa maji. Tusimlaumu kwa kukosa nyuso. Tumwite na mwenzake.

Nne, na hili ndilo gumu, tuulize pia ni nini ambacho wote wamekinyamazia. Huenda wasichana wa kisiwani walikuwa na habari yao, na hakuna aliyewapa brashi wala kalamu.

Yeyote atakayepata nafasi ya kuziona picha hizi, hata vitabuni au kwenye intaneti, azitazame kwa pamoja, kisha aamue mwenyewe ni ukingo gani angependa kukaa. Sisi tumezitazama mara nyingi, na kila mara tumejikuta tukimtaka Renoir atueleze zaidi juu ya mto, na Monet atueleze zaidi juu ya watu.